Gombo Lililokunjwa



Jumatatu iliyopita nilikuwa Sori, ufuoni mwa ziwa, saa kumi na moja jioni. Wavuvi wa omena walikuwa wakijiandaa kwa usiku: taa zinajaribiwa moja moja, mafuta ya injini yanapimwa, vijana wanakumba maji yaliyoingia ndani ya boti. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ubao wa katikati akishughulika na wavu. Nikamsalimu, nikamwambia naona anakunja wavu. Akanisahihisha kwa upole. "Pasta, shuka ndiyo hukunjwa. Wavu unalazwa." Akanionyesha: tabaka juu ya tabaka, maboya upande huu, vizito upande ule, ili usiku wa manane mkono ukishika ncha, wavu wote utoke bila kujisokota. Nikamwuliza una urefu gani. Akanyoosha kidole mpaka kwenye mizani ya samaki, akakirudisha kwenye boti, kisha tena kwenye mizani. Na wote ulikuwa umetulia miguuni pake, mahali ambapo mtoto mdogo angejikunyata akalala.

Nilikuwa nimekwenda Sori kumwona mtoto. Ni mvulana wa miaka saba, na ana selimundu. Aliye na ugonjwa huu nyumbani anajua usiku wake ulivyo. Mvua ya ziwani inanyesha, baridi inapenya, na kabla ya jogoo wa kwanza mtoto anaamka akilia kwamba mifupa inamvunjika. Alipokuwa bado hajatimiza mwaka, vidole vyake vilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Mama yake, ambaye hapa tunamwita nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa heshima ya kwao, alinikaribisha chai, akangoja nimalize kikombe, ndipo akaniuliza: "Pasta, nilikosea wapi?"

Swali hilo nalijua, na lina deni langu ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Nyatike, nilikwenda kwenye matanga ya msichana wa miaka minne aliyekufa kwa ugonjwa huuhuu. Watu wa ukoo walisema ni chira, kwamba mama alivunja mwiko, na wakalisema mbele yake, akiwa ameketi chini kando ya jeneza. Nilikuwa na Biblia mkononi. Nilikuwa naijua vizuri sura ya tisa ya Yohana, pale wanafunzi wanapomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Bwana anakataa yote mawili. Sikuisoma. Nilihubiri habari za mbinguni, nikala, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuuelewa ugonjwa huu, nikisoma na kuwauliza madaktari na wauguzi, ili siku nyingine nisinyamaze. Ninayowaandikia leo nimeyapata huko.

Mwili wa mtoto yule, kama wangu na wako, umejengwa kwa seli. Ndani ya seli nyingi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, maandishi ambayo mwili unayasoma ili kujitengeneza. Ukiunyoosha uzi wote wa DNA wa seli moja ya binadamu, unapata karibu mita 2. Kiini chenyewe kina upana wa kama sehemu sita kati ya elfu moja za milimita. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza niliomba karatasi nikapiga hesabu. Tuseme kiini kingekuwa kikapu cha sokoni chenye upana wa sentimita 30. Uzi ndani yake ungekuwa na urefu wa kilomita 100. Utoe nje hapa Homa Bay, uuvute hadi Rongo, upite Awendo, ufike Migori mjini, na bado kikapuni umebaki mwingi. Na kwa kipimo hichohicho unene wake ungekuwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, wembamba wa uzi wa cherehani. Uzi huo umekatwa vipande 46, ndiyo kromosomu zetu, 23 za baba na 23 za mama.

Sasa fikirini mtu akitupiwa uzi huo kikapuni ovyo. Asingepata hata ncha. Lakini mwili wa kila mmoja wetu unaingia kikapuni humo kila sekunde, unapata neno unalolitaka, unalisoma, unatoka. Unawezaje? Kwa sababu uzi umelazwa.

Uzi haukurundikwa. Kwanza unazungushwa juu ya vigurudumu vidogo vya protini viitwavyo histoni. Histoni nane hushikamana, na uzi unazizunguka karibu mara mbili, herufi 147 kila kigurudumu, kisha unaendelea mbele kwenye kigurudumu kingine. Roger Kornberg alieleza mpangilio huu mwaka 1974, na wakati huohuo wenzake waliokuwa wakitazama kwa hadubini kali waliona uzi wenye shanga. Katika seli moja kuna shanga kama hizo takriban milioni 30. Uzi wenye shanga nao hufanya vitanzi, na pete za protini zinavishika vitanzi visifumuke. Kisha kila kromosomu inakaa katika eneo lake ndani ya kiini. Mliowahi kuingia katika boma la zamani la Kijaluo mtanielewa: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango, nyumba za vijana ziitwazo simba ziko karibu na lango, na mgeni mwenye macho anajua yuko kwa nani kabla hajaambiwa. Hata Thimlich Ohinga, kule Migori, kuta zile za mawe zisizo na udongo wala saruji, ukiingia kwa kuinama kwenye mlango wake mwembamba unakuta ndani mna mpango: hapa watu, hapa mifugo. Kiini nacho kina ukuta wake na milango yake, na ndani kila kitu kina mahali.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo la kusokotwa, maana ndilo lililonishika zaidi. DNA ni nyuzi mbili zilizopotwa pamoja kama kamba ya katani, duara moja kwa kila jozi za herufi kumi na kitu. Ili mwili usome, lazima nyuzi hizo mbili zitenganishwe kidogo mahali pa kusomea. Mkiwa na kamba nyumbani, jaribuni. Funga ncha moja mtini na nyingine kwenye kigingi, halafu ingiza kijiti katikati ya nyuzi na ukisukume mbele. Baada ya hatua chache kamba iliyo mbele ya kijiti inakaza, inajikunja, inapanda juu ya mgongo wake yenyewe kama nyoka aliyekanyagwa. Ukiendelea kusukuma, kijiti kinakwama. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya kiini kila mara ukurasa unaposomwa. Vitanzi vimeshikwa huku na huku, msokoto hauna pa kukimbilia, na unarundikana mbele ya msomaji.

Mvuvi mwenye kamba ya namna hiyo hufanya nini? Huikata, huiacha ijizungushe ipumue, kisha huiunga. Mwili unafanya vivyo hivyo. Kuna vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi. Cha kwanza kiligunduliwa na James Wang mwaka 1971. Kimojawapo ndani ya kiini kinashika uzi mmoja, kinaukata, kinauachia uzunguke msokoto ulegee, kisha kinaziunganisha ncha zilezile pasipo kupoteza herufi hata moja. Vingine hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kitanzi kizima katika pengo, halafu hufunga. Muda wote kimeng'enya kinakuwa kimeshika ncha zilizokatwa. Hakiziachi zielee. Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikatoka nje kidogo, maana nimewahi kukata mambo katika nyumba za watu, mashauri ya ndoa na ya mashamba, nikaziacha ncha zikining'inia, nikaita hiyo haki.

Mkitaka kujua uzito wa kule kuunga, wengi wenu mliougua homa ya matumbo mlipewa siprofloksasini. Bakteria naye ana kimeng'enya cha namna hii cha kusokota na kulegeza DNA yake. Dawa ile inakikamata kikiwa kimeshakata na kabla hakijaunga. Bakteria anakufa akiwa na uzi wake uliokatwa mikononi mwa fundi wake mwenyewe.

Turudi kwa mtoto. Kwenye kromosomu ya 11, katika maandishi ya kutengeneza hemoglobini, ambayo ndiyo hubeba hewa katika damu, kuna mahali ambapo herufi moja, A, imekuwa T. Ni moja tu. Kwa ajili yake, katika mnyororo wa protini wenye viungo 146, kiungo cha sita kimebadilika. Hemoglobini hiyo ikishatoa hewa yake hushikana na wenzake na kuwa vijiti virefu, na chembe ya damu iliyokuwa laini kama kitumbua inapinda kama mundu, inakwama katika mishipa myembamba, na mfupa uliokosa damu unalia. Chembe nzuri huishi siku kama 120. Ya mundu haimalizi hata mwezi.

Herufi hiyo lazima itoke pande zote mbili. Mtoto wa Sori aliipata kwa mama na akaipata kwa baba, sawasawa. Wazazi wenyewe ni wazima kwa sababu kila mmoja ana nakala moja tu, na katika kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili. Nyar Karungu, ulipouliza ulikosea wapi, jibu ni kwamba hukukosea popote. Na wewe baba, ambaye hukuwapo siku ile, ulichangia nusu. Hamna wa kunyoosheana kidole.

Tena, herufi hiyo ilifikaje kwetu kwa wingi hivi? Mwaka 1949 kijana aliyekulia katika shamba karibu na Gilgil, Anthony Allison, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Pwani na huku kandokando ya ziwa alikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano anabeba nakala moja. Katika nyanda za juu zilizo katikati hawakufika hata mmoja kati ya mia. Akajiuliza pwani na ziwa vinafanana kwa nini, na jibu likawa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria, na watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba inapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Nyanya zetu waliolala Karungu, Mbita na Kendu Bay bila chandarua, bila kwinini, wengi wao waliwaona wajukuu kwa sababu ya herufi hii. Anayeiita laana ajue kwamba huenda yeye mwenyewe asingezaliwa bila hiyo. Na ilikuwa katika kaunti yetu hii ya Homa Bay, Septemba 2019, ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto. Kinga ile ya zamani imetugharimu watoto wengi mno. Natamani sana hii mpya ichukue zamu.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike. Mama wa watoto hawa wote wanaeleza kitu kimoja: mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa, na ilipokaribia miezi sita ndipo taabu ikaanza. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko Brooklyn, Janet Watson, aliliona hilo na akadhani sababu ni damu ya uchanga. Alikuwa sahihi. Tukiwa tumboni mwa mama tunatumia hemoglobini nyingine, inayosomwa kwenye ukurasa mwingine, na ukurasa huo hauna ile herufi iliyobadilika. Kwenye kromosomu ya 11 kurasa hizo zimepangwa kwa umri: ya kiinitete mwanzo, ya mtoto wa tumboni katikati, ya mtu mzima mwisho. Mbali nazo, makumi ya maelfu ya herufi, kuna mahali penye amri ya kuwasha. Uzi hujikunja na kufanya kitanzi, na mahali pale pa amri huja kugusa ukurasa unaotakiwa. Tumboni panagusa ukurasa wa uchanga. Baada ya kuzaliwa kitanzi kinahama, protini iitwayo BCL11A inaufunga ule wa uchanga, na mwili unaanza kusoma wa utu uzima. Kwa mvulana wetu, hapo ndipo penye herufi.

Na kwa mtoto aliyezaliwa usomaji huu hufanyika mapema, ndani ya uboho wa mifupa. Chembe nyekundu ikiwa changa ina kiini chake, inasoma ukurasa ilioukuta wazi, inajijaza hemoglobini, kisha inakitupa kiini nje na kuingia katika damu bila maandishi yoyote. Mwili hutengeneza chembe kama hizo milioni mbili hivi kila sekunde. Kila moja inakwenda safari yake na kile tu ilichokisoma siku ile.

Lakini ukurasa wa uchanga haukuraruliwa. Umo. Katika kila seli ya mvulana yule yenye kiini, umo mzima, herufi zake zote safi, umelazwa na kufungwa.

Luka anatusimulia kwamba Bwana alipoingia katika sinagogi la Nazareti alipewa maandiko ya nabii Isaya, yale ambayo Biblia zetu za zamani huyaita chuo. Hakikuwa kitabu cha kufunua karatasi. Kilikuwa gombo, ngozi ndefu iliyoviringishwa. Ili asome, ilibidi afungue upande mmoja huku upande mwingine ukibaki umefungwa, atafute mahali, asimame hapo. Alipomaliza alilifunga akamrudishia mtumishi. Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi nikikimbilia maneno aliyoyasoma. Sikuwahi kuutazama mkono wake ukitafuta mahali. Gombo zima lilikuwa mikononi mwake, na watu wa Nazareti walisikia sehemu ile tu iliyofunguliwa.

Kuna dawa inayomsaidia mtoto kurudi kwenye ukurasa ule. Inaitwa haidroksiyurea. Ni ya kumeza kila siku, nayo huufanya uboho uanze tena kutengeneza hemoglobini ya uchanga kwa kiasi. Haiponyi, na lazima daktari aipime damu mara kwa mara. Lakini ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika yetu, huko Luanda, Kinshasa, Mbale nchini Uganda, na Kilifi hapa kwetu. Watoto 606 walianza kuimeza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, vifo vimepungua, na hata malaria imepungua. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba nyingine inayochukua seli za uboho za mgonjwa, inakata mahali panapoiwasha BCL11A, na kuzirudisha mwilini. Ukurasa wa uchanga unafunguka wenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ninaandika tarakimu hiyo nikiwa na uchungu. Sehemu ya ujuzi wetu wa ugonjwa huu ilitoka katika damu ya watu wa pwani na wa ziwa hili, nami naomba, na nitaendelea kuomba kwa sauti mbele ya kila mwenye mamlaka atakayekaa kwenye viti vyetu vya mbele, kwamba siku moja matunda yake yarudi kwa watoto wao. Kwa sasa haidroksiyurea ipo, na kuna watoto katika sharika zetu ambao mama zao hawajawahi kulisikia jina lake.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, muuguzi atakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Tone moja la damu ya kidole linatosha. Waje wenye watoto wachanga, hata walionenepa na kucheka, maana miezi ile ya kwanza ukurasa wa uchanga bado unasomwa na dalili hazijaonekana. Waje wachumba, wawili wawili, na wasije kwa hofu. Hatupimi ili tuwatenganishe. Waje akina baba. Na yeyote anayefahamu ile nyumba ya Nyatike niliyoitaja, aniambie mama yule anaishi wapi siku hizi. Nina sura ya Yohana sijamsomea.

Niliaga Sori giza likianza. Mvulana alikuwa ameteremka ufuoni, amevaa sweta mbili, na mama yake amesimama nyuma yake na blanketi. Yule mzee alikuwa amempa ncha ya wavu, upande wa maboya, aishike kwa mikono miwili, naye akiendelea kulaza tabaka za mwisho, akimwambia asivute bado.